Laptopu inachemka: joto limekwama wapi?

Laptopu ikizidiwa na joto, dalili ya kwanza mara nyingi ni uvivu. Kivinjari kinakwama, video inarukaruka, herufi zinatokea baada ya vidole kuondoka. Prosesa, yaani chipu kuu ya mashine, inapokaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi, kutegemea aina yake, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Joto likiendelea kupanda, mashine huzimika ghafla. Kwa kutolijua hilo, watu wengi hapa Kampala hutibu ugonjwa usiokuwepo: wanaongeza RAM, wanaweka Windows upya, wananunua SSD, na uvivu unabaki kwa sababu vumbi halikuguswa.

Njia ya joto ni fupi. Linazaliwa kwenye prosesa na kadi ya michoro, linapita katika mirija ya shaba hadi kwenye mbavu nyembamba za hitisinki (kipande cha chuma cha kutawanya joto), kisha feni inalisukuma nje. Likizidi, ama linazalishwa kupita kiasi, ama limekwama njiani, ama limekosa mlango wa kutokea. Kila hali ina dalili zake, na dalili nyingi zinaonekana bila kulegeza skrubu hata moja. Kwa hiyo katika mwongozo huu bisibisi inakuja mwishoni. Anayeanza na bisibisi akafanikiwa hatajua alichotengeneza, na akishindwa hatajua alichoharibu.

Kwanza angalia betri

Weka laptopu juu ya meza iliyonyooka uitazame kwa ubavuni. Kama inayumba, kama kifuniko cha chini kimetuna, au padi ya kugusa imeinuka na haibonyei tena, betri imevimba. Hapo hakuna hatua ya pili. Zima, chomoa chaja, usiikandamize ili irudi chini, wala usiendelee "kumalizia kazi kidogo". Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka hapo hapo mikononi. Ipeleke kwa fundi aitoe, na ikishatoka isitupwe kwenye shimo la kuchomea taka nyuma ya nyumba.

Kama betri ni bapa, endelea.

Hatua ya 1: Karatasi, sikio na kiganja

Washa mashine, fungua video ya ubora wa juu, uiache icheze dakika 10. Tafuta tundu la kutolea hewa. Liko ubavuni au nyuma, chini ya bawaba ya kioo. Shika kipande cha karatasi ya chooni mbele yake, sikiliza feni, kisha weka kiganja. Hali unayokutana nayo huwa moja kati ya nne.

Feni inanguruma, karatasi inatikisika kidogo tu, na hewa hiyo ndogo ni ya moto sana. Hapa joto linafika kwenye mbavu lakini hewa haipiti. Mbavu zimezibwa. Ndiyo hali ya kawaida kuliko zote kwa mashine iliyokaa miaka miwili au zaidi katika nyumba iliyo kando ya barabara ya udongo, ambako kila gari likipita wekundu unaingia dirishani.

Feni inanguruma, karatasi inapepea vizuri, lakini hewa ni ya uvuguvugu ilhali mashine yenyewe inakwamakwama kwa joto. Hewa ipo, joto halijaifikia. Pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto ulio kati ya prosesa na hitisinki, imekauka, au skrubu za hitisinki zimelegea, au mrija wa shaba umekufa. Kusafisha vumbi hapa hakutasaidia, hata ukisafisha mara kumi.

Feni iko kimya. Huenda imekufa, huenda kuna kitu kimeishika, na huenda haipo kabisa. MacBook Air zenye chipu za M, kuanzia ya M1 iliyotoka mwaka 2020, hazina feni, na laptopu nyingi ndogo za bei nafuu zenye prosesa za Celeron za jamii ya N vilevile hazina. Soma jina la modeli yako kabla ya kumwambia fundi kwamba feni imeharibika, maana wapo watakaokuuzia "mpya".

Hali ya nne ni feni kunguruma, hewa kuwa nyingi na kuwa ya moto. Mfumo wa kupoza unafanya kazi yake barabara. Tatizo ni kazi unayoipa mashine au mahali ulipoiweka, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi hatua ya 3 na ya 4.

Kiganja kinasema mengine pia. Joto lililo karibu na tundu la hewa na juu kidogo ya kibodi ni la prosesa. Joto chini ya kiganja cha kushoto au cha kulia, mbali na feni, mara nyingi ni la diski au la betri. Na kama kinachounguza ni chaja yenyewe, ile tofali nyeusi ya kwenye waya, nenda hatua ya 5.

Hatua ya 2: Pima, kisha andika

Kiganja hakitofautishi nyuzi 70 na 90 kupitia plastiki. Kwenye Windows pakua HWiNFO, ni ya bure. Ikifunguka chagua kuona vihisi tu. Shuka hadi mstari wa CPU Package kama prosesa ni Intel, au Tctl/Tdie kama ni AMD. Kwenye Linux weka kifurushi cha lm-sensors, kisha andika amri ya sensors kwenye terminali. Mac za zamani zenye Intel hujisema zenyewe: fungua Activity Monitor, na ukiona kernel_task inakula prosesa kuliko kitu kingine chochote, hiyo ni mbinu ya macOS ya kuizuia prosesa isizidi kupata joto. Haina haja ya kuuawa.

Andika namba tatu kwenye karatasi: joto mashine ikiwa imetulia dakika 10 bila kazi, joto la juu kabisa wakati wa kazi nzito, na joto la chumba kwa kukadiria. Ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 55 si shida. Kwenye kazi nzito, 75 hadi 90 ni kawaida kwa laptopu, hata kama inatisha kuisoma. Ikigonga 95 na kuendelea mara kwa mara, kasi inashuka na una la kutengeneza.

Joto la chumba si jambo dogo, kwa sababu hujumlishwa karibu nyuzi kwa nyuzi. Mashine inayofika 82 katika chumba cha nyuzi 20 kule Kabale itafika 95 hivi katika chumba cha nyuzi 33 kule Adjumani mwezi wa Februari, ikifanya kazi ileile, bila kuharibika chochote. Mwanafunzi anayetoka milimani kwenda kusoma Gulu au Arua anaweza kudhani mashine imemfia njiani.

Kuliko namba yenyewe, tazama mwendo wake. Acha mashine ipoe hadi itulie kwenye 45 au 50, kisha fungua ghafla kitu kizito: video kadhaa kwa pamoja, au kubana faili kubwa. Joto likiruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde chache na kushuka kwa kasi hiyohiyo ukifunga kazi, mguso kati ya prosesa na hitisinki ni mbaya, yaani pesti au skrubu. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa hadi kufika huko, na likachukua muda kushuka, hitisinki inapokea joto sawasawa ila haiwezi kulitoa. Hilo ni vumbi, feni, au mahali mashine ilipokaa. Prosesa mpya zenye nguvu hurukaruka kidogo hata zikiwa nzima, kwa hiyo usihukumu kwa mruko wa sekunde moja. Jaribio hili ni la bure, na ndilo ningemwomba kila mtu alifanye kabla ya kupanda boda kwenda kwa fundi.

Hatua ya 3: Mahali inapokaa

Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini. Ukiiweka kwenye godoro, kwenye blanketi au mapajani, umeziba pua. Iweke juu ya kitu kigumu, kisha inua nyuma yake sentimita 2 au 3. Vizibo viwili vya chupa za maji vinatosha, ilimradi visikae juu ya matundu. Pima tena. Ikiwa joto limeshuka kwa nyuzi kadhaa, umeshapata sehemu ya jibu bila kutoa hata shilingi.

Kama hewa ya moto inatokea kwenye bawaba, usifanye kazi kwa kioo cha nje huku kifuniko kimefungwa. Kwenye modeli nyingi tundu linabanwa. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani.

Kuhusu vile visahani vya feni vinavyouzwa barabarani ili viwekwe chini ya laptopu: sivichukii, ila si tiba. Vinasaidia pale tu feni zake zinapoangalia matundu ya mashine yako, na havifanyi lolote kwa pesti iliyokauka. Nunua baada ya kumaliza hatua zote hizi, si kabla.

Kisha kuna suala la mkoba. Laptopu iliyofunikwa tu haijazimika, imelala. Modeli nyingi za miaka ya karibuni zinapolala huendelea kufanya kazi kidogo: zinapokea barua, zinapakua masasisho. Mvua ikinyesha watu huifunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki), wakaitia kwenye mkoba, wakapanda boda kutoka Wandegeya hadi Ntinda. Mashine ikiamka humo ndani, hakuna hewa ya kuvuta. Ukifika ukaikuta ya moto na betri imeisha, ndiyo sababu. Kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /a, ubonyeze Enter. Ukiona maneno S0 Low Power Idle kwenye orodha ya yanayopatikana, mashine yako ni ya aina hiyo; kabla ya safari izime kabisa, au tumia Hibernate, inayohifadhi kazi yako kisha kuizima. Kavera yenyewe iache, ila iwe ya mashine iliyozimwa.

Hatua ya 4: Kinachoifanyisha kazi

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, bonyeza kichwa cha safu ya CPU ili vinavyokula zaidi vije juu, kisha usiguse chochote kwa dakika mbili tatu.

Kivinjari chenye vichupo 40 kitakuwa juu, na dawa yake unaijua. Ukiona Windows Update au uchunguzi wa virusi, subiri umalizike. Hapa kwetu jambo hili lina sura yake: mtu hukaa wiki nzima bila intaneti, ananunua bando jioni, na mara tu anapounganisha, masasisho yote yaliyorundikana yanashuka kwa mkupuo. Bando linaisha, feni inapiga kelele, na yeye anadhani ni hitilafu. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi uliyounganishwa nayo, washa Metered connection, masasisho mengi yatasubiri. Ukipata Wi-Fi ya chuo au ya kazini, yaruhusu yashuke hapo, mashine ikiwa mezani.

Kuna adui mwingine anayejificha. Programu zilizovunjwa leseni, zile zinazopitishwa kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono, wakati mwingine huja na programu ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu usiyemjua. Dalili yake ni feni kunguruma mashine ikiwa haina kazi, kisha kutulia mara tu ufunguapo Task Manager, kwa sababu baadhi yake zimefundishwa kujificha hapo. Ndiyo maana HWiNFO iliyoachwa wazi ni shahidi mzuri: inakuonyesha joto lilikuwa wapi wakati hukuwa unatazama. Fungua Windows Security, ingia kwenye ulinzi dhidi ya virusi, chagua uchunguzi wa Microsoft Defender Offline. Mashine itajiwasha upya na kuchunguzwa kabla Windows haijaamka.

Ikiwa hakuna mgeni ndani na bado unahitaji mashine iwe baridi zaidi, unaweza kuizuia prosesa isijiongezee kasi kupita kiwango chake cha msingi. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika mistari hii mmoja baada ya mwingine:

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99

powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99

powercfg /setactive scheme_current

Mstari wa kwanza ni wa wakati chaja imechomekwa, wa pili ni wa betri. Kwenye prosesa nyingi, asilimia hiyo 1 iliyopunguzwa huzima kasi ya ziada, na joto hushuka kwa kiasi kinachoonekana. Utapoteza wepesi kidogo kwenye kazi nzito; kwa kuandika, kusoma na kupiga hesabu za duka hutauhisi. Ukitaka kurudi, rudia mistari hiyo ukiandika 100. Kwa anayeishi Moroto au Adjumani na kufanya kazi za ofisi tu, mimi ningeiacha kwenye 99 mwaka mzima.

Hatua ya 5: Chaja

Uvivu mwingine hautokani na joto kabisa, na chaja ndiyo mshukiwa. Ukiona HWiNFO inasoma nyuzi 55 tu lakini kwenye Task Manager kasi ya prosesa imeganda chini ya GHz 1 wakati matumizi ni asilimia 100, mashine inabana umeme. Laptopu za Dell hufanya hivyo zisipoitambua chaja, na huonyesha ujumbe zinapowashwa kwamba aina ya chaja haijulikani. Linganisha wati zilizoandikwa kwenye chaja na zile zinazotakiwa na mashine. Ya wati 45 haimudu mashine ya wati 65.

Kupanda na kushuka kwa umeme wa nyumbani si chanzo cha kawaida cha joto, kwa kuwa chaja halisi hupokea volti 100 hadi 240. Inverta za bei ya chini za sola ni habari nyingine: umeme wake si laini, chaja hulia na kupata moto. Na baada ya umeme kukatika siku nzima, betri ikiwa sifuri, kuchaji kwenyewe kunazalisha joto. Ipe muda ijae nusu kabla ya kuanza kuhariri video.

Hatua ya 6: Kupuliza bila kufungua

Kama hatua ya 1 imekuambia mbavu zimezibwa na mashine bado ina dhamana, anza hapa. Zima, chomoa chaja. Piga mswaki laini kwenye matundu, kisha puliza kwa bloa ndogo, kidogo kidogo, ukipishana tundu la kuingizia na la kutolea.

Usipeleke laptopu kwa wanaojaza upepo magurudumu ya boda. Upepo ule una maji na mafuta, na nguvu yake inang'oa mabawa ya feni. Hata bloa ya kawaida isiachwe izungushe feni ovyo. Ikizunguka kupita kasi yake, bearingi zinaumia. Tia kijiti cha meno kupitia tundu uishike.

Kupuliza kwa nje kunasaidia vumbi jepesi tu. Lililogandamana linabaki.

Hatua ya 7: Kufungua

Unahitaji bisibisi ndogo za nyota, kadi ya plastiki isiyotumika ya kuachanisha kifuniko, brashi ya rangi ndogo iliyo safi, na karatasi. Tafuta kwanza video ya kufungua modeli yako hasa, si inayofanana nayo, kwa sababu skrubu nyingine hufichwa chini ya miguu ya mpira au vibandiko.

Zima kabisa, chomoa chaja, gusa chuma kisicho na rangi ili umeme tuli ukutoke. Chora umbo la mashine kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa ichomeke mahali pake kwenye mchoro. Urefu wake hutofautiana, na skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hutoboa bodi au kuinua kibodi kwa juu. Piga picha kabla ya kugusa chochote ndani. Kisha, kabla ya jambo jingine, chomoa waya wa betri kutoka kwenye bodi kwa kuvuta kiunganishi chake polepole, si kwa kuvuta waya.

Toa feni, mara nyingi ina skrubu mbili au tatu na waya mmoja mdogo. Hapo ndipo utaona ambacho bloa haikuweza: kati ya feni na mbavu kuna zulia. Ni vumbi, nywele na nyuzi za nguo zilizoshikana zikawa kipande kimoja, na likisukumwa kwa nje linazidi kujibana. Linyofoe kwa vidole au kibanio, halafu pitisha brashi kwenye mbavu kufuata uelekeo wake ili zisipinde. Futa kila bawa la feni.

Kwa anayeishi muzigo, chumba kimoja ambamo pia sigiri (jiko la mkaa) huwashwa, zulia hilo huwa jeusi na lenye utelezi, maana masizi na mvuke wa mafuta ya kukaangia vimeingia. Brashi kavu hailiwezi. Feni na mbavu, zikiwa zimetolewa nje ya mashine, zifutwe kwa isopropili (alkoholi ya kusafishia) na zikauke kabisa kabla ya kurudi.

Usishangae ukikuta mende. Wanapenda joto na giza, na laptopu inayolala usiku kabatini huwapa vyote. Ondoa maganda na mayai, futa madoa yao kwenye bodi kwa isopropili, kwani uchafu wao unakula njia za umeme. Dawa ya kupuliza isiingie humo ndani hata kidogo. Sisimizi nao hufuata makombo ya mandazi chini ya kibodi. Dawa yao ni kutokula juu ya mashine.

Kando ya barabara ya vumbi, fanya kazi hii kila miezi sita, hasa kiangazi kinapokwisha. Ghorofani mjini, mara moja kwa mwaka inatosha.

Hatua ya 8: Pesti

Fanya hivi tu kama jaribio la mruko katika hatua ya 2 limekuelekeza hapa, au kama hitisinki imelazimika kutoka. Pesti nzima haibadilishwi kwa sababu ya tarehe.

Skrubu za hitisinki huwa na namba pembeni yake, 1, 2, 3, 4. Legeza kwa kuanzia namba kubwa kurudi nyuma, kidogo kidogo kila moja. Ikiwa imeng'ang'ania, izungushe taratibu. Usiing'oe kwa kuvuta juu. Ukikuta kimiminika cha fedha kinachong'aa badala ya pesti, ni metali ya majimaji inayowekwa kwenye baadhi ya mashine za michezo. Inapitisha umeme na inakula alumini. Funga, mpe mzoefu.

Futa pesti ya zamani kwa isopropili ya asilimia 90 na zaidi, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, hadi chipu ing'ae. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 hutumika kwa shida, ukiiacha ikauke vizuri. Sanitaiza ya mikono haifai, ina vilainisha ngozi vinavyobaki juu. Waragi, pombe kali ya hapa Uganda, nayo haifai, ingawa kila mara yuko anayependekeza: zaidi ya nusu yake ni maji.

Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele kwa kila chipu, isambaze kwa ncha ya kadi hadi ifunike uso wote kwa utando mwembamba. Kingo zisiachwe tupu, kwa sababu chipu za laptopu hazina kifuniko cha chuma cha kusambaza joto. Arctic MX-4 ni chaguo zuri na haipitishi umeme. Pesti nyeupe isiyo na jina inayouzwa kwa kijiko ndiyo itakayokurudisha humu baada ya miezi michache.

Vile vipande laini kama mpira juu ya kumbukumbu na vipuri vidogo ni pedi za joto. Zikiwa nzima zirudishe zilivyokuwa. Zikichanika, nunua za unene uleule, iwe milimita 0.5, 1 au 1.5. Pesti haijazi nafasi hiyo, na pedi nene mno huinua hitisinki isiguse prosesa.

Kaza kwa kufuata namba, 1 hadi ya mwisho, nusu mzunguko kila moja kwanza, kisha zote zikaze. Rudisha feni, betri iwe ya mwisho. Pima upya kwa jaribio lilelile, chumba kilekile.

Feni mbovu

Feni inayokwaruza au isiyozunguka ibadilishwe. Tone la mafuta ya cherehani huinyamazisha kwa muda, nalo linakusanya vumbi. Kwenye arkedi (majengo ya maduka) za katikati ya Kampala usiulize "feni ya HP". Soma namba iliyo kwenye kibandiko cha feni yenyewe, hesabu nyaya zake, angalia volti, na upeleke ya zamani mkononi. Laptopu mbili zenye jina moja huweza kuwa na feni zisizoingiliana.

Ukienda kwa fundi

Nenda na karatasi yako ya namba. "Fundi, naomba tupime pamoja kabla hujafungua, na tupime tena ukimaliza." Fundi anayejua kazi hakasiriki kwa hilo, na kwake pia ni ushahidi. Andika mbele yake ukubwa wa RAM na namba ya SSD, ili visibadilishwe. Ukiweza, kaa hapo. Kusafisha na kubadilisha pesti ni kazi ya kumalizika ukisubiri.

Akipendekeza kuipasha bodi kwa bunduki ya hewa moto ili kadi ya michoro "irudi", fikiri mara mbili. Ikirudi, kwa kawaida hairudi kwa muda mrefu, na pesa hiyo ingekuwa mwanzo wa mashine nyingine.

Linabaki jambo moja linalosahaulika hata na mafundi: mrija wa shaba. Ndani yake kuna kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke upande wa moto na kurudi kuwa maji upande wa baridi. Ukipinda au kupasuka, kinatoka, na hakuna pesti itakayosaidia. Hitisinki ikiwa nje, chovya upande mmoja wa mrija kwenye kikombe cha maji ya moto na ushike upande wa pili. Mrija mzima hupitisha joto ndani ya sekunde chache hadi unataka kuachia. Ukibaki baridi, nunua hitisinki kamili kwa namba yake, au itoe kwenye mashine iliyokufa ya modeli ileile. Ikaushe uliyochovya kabla ya kurudisha chochote.